Kamba Iliyolegea

Msikilizaji wangu, leo nimeingia studioni na neno moja tu, tena la Kiingereza. Nina deni nalo la miaka mingi, na nataka tulipekue pamoja mimi nawe kabla muda wetu haujaisha.

Nilikuwa kijana, karani mgeni katika ofisi moja ya mji wa pwani. Ofisi hiyo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, na kila ilipohitajika, kuziweka kwa Kiswahili barua ambazo bosi wetu, mtu wa ng'ambo, aliziandika kwa Kiingereza. Siku moja akanipa barua ya onyo kwa mtunza stoo. Huyu alikuwa mzee aliyeifungua na kuifunga stoo ile tangu mimi sijaanza shule. Kulikuwa na siku kadhaa ambazo daftari la kupokea na kutoa mali halikuandikwa kitu, na bosi alikuwa ameliona pengo hilo. Aliandika sentensi fupi: *You have been remiss in keeping the stores register.* Mengine yote katika barua ile niliyaelewa. Neno hilo *remiss* sikulijua. Niliona tu kwamba linamhusu mtu ambaye hakufanya kazi yake, na kichwani mwangu mtu wa namna hiyo alikuwa na jina moja. Nikaandika: Umekuwa mzembe katika kutunza daftari la stoo. Bosi akatia sahihi, barua ikaenda.

Kesho yake asubuhi mzee alikuja mezani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaiweka barua mbele yangu na kidole juu ya lile neno. "Mwanangu, hili kaliandika yeye, au umeliandika wewe?" Nikamjibu kwamba mimi nimefasiri tu. Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akarudi stoo. Hakujitetea wala hakumwendea bosi. Ila tangu siku ile aliitikia salamu zangu kama anavyoitikia za mtu baki.

Kamusi niliifungua baadaye, nikiwa nimeshauhama mji ule. Nilikuta kwamba neno nililolifasiri kwa dakika moja lina safari ya miaka elfu mbili, na katika safari yote hiyo sikumwona popote yule mzembe niliyemwandika.

Tulifuate basi tangu lilikotoka. Linatamkwa *rimis*, sauti ikikazwa mwishoni. Chanzo chake ni Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi *mittere*, chenye maana ya kutuma, na pia ya kuachia, kama mtu anavyouachia mkuki utoke mkononi. Ukikitangulizia *re-*, kiambishi cha kurudi nyuma, unapata *remittere*: kurudisha, kukiachia kitu kirudi kilikokuwa. Fikiria upinde. Mpiga mshale akivuta upote, ile kamba ya upinde, ameukaza. Akibadili nia na kuuachia taratibu bila kufyatua, upote unarudi mahali pake na upinde mzima unalegea. Hali hiyo ya kulegea ndiyo Warumi waliyoiita *remissus*. Walisema hivyo kuhusu upinde, wakasema hivyo kuhusu hatamu za farasi, na wakasema hivyo kuhusu akili ya mtu aliyemaliza kazi akakaa kupumzika. Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, alitumia *remissio* kwa maana ya kuiburudisha akili, na maana hiyo haina lawama hata chembe. Upinde uliokazwa usiku na mchana huvunjika, na wapiga mishale wote wanalijua hilo.

Sisi watu wa pwani tunaweza kuliona jambo hili vizuri zaidi katika jahazi. Kuna kamba iitwayo demani, inayoshikilia pembe ya chini ya tanga upande wa tezi. Baharia akiikaza, tanga linajaa upepo na chombo kinakwenda. Akiilegeza, tanga linapigapiga hewani na chombo kinapoteza mwendo. Lakini kuna saa ambapo nahodha mwenyewe hupiga kelele kwamba demani ilegezwe, maana upepo umezidi na chombo kinataka kulala ubavu. Kulegeza ni kule kule. Mara moja ni ustadi unaowaokoa watu, mara nyingine ni kosa la baharia aliyepewa kamba aishike naye akaiacha mkono ukimteleza. Kosa halimo katika kamba wala katika kulegea kwenyewe. Limo katika swali la nani alikabidhiwa, na wakati ule alitakiwa afanye nini.

Kabla Kiingereza hakijalifanya neno hili kuwa la lawama, wanazuoni walikuwa nalo kwa jambo tofauti kabisa, na hapa niruhusu nichelewe kidogo kwa sababu napapenda sana. Katika karne ya 14, kwenye Chuo cha Merton pale Oxford, walikuwako watu kama William Heytesbury na Richard Swineshead waliojiuliza namna sifa ya kitu inavyopanda na kushuka. Maji yanatoka kwenye ubaridi hadi uvuguvugu hadi kuchemka: ni nini hasa kinachoongezeka? Kitambaa kinafifia: rangi yake inakwenda wapi? Walilijadili suala hilo kwa jozi ya maneno ya Kilatini, *intensio* na *remissio*, kukazana na kulegea. Joto kali lilikuwa joto lililokazwa, na joto dogo lilikuwa joto lililolegea. Kwa hiyo Kiingereza kilipolipokea neno *remiss* katika karne ya 15, lilikuja na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa wa kitu kilichopungua nguvu, kisicho kikali. Mwingine ni wa mtu aliyelegea katika wajibu. Mzigo wa kwanza umepotea njiani, wa pili umebaki.

Na Kiswahili je? Msikilizaji, sisi tunayo jozi hiyo hiyo bila kuiazima kwa yeyote. Tunakaza kamba, tunakaza mwendo, tunakaza moyo, tunatia mkazo katika neno. Tunalegeza kamba, tunalegeza mwendo, tunalegeza masharti. Bwana wa Oxford angekaa chini ya mwembe na mvuvi wa Bagamoyo, wangeelewana mapema.

Tuitazame sasa jamaa ya neno hili, maana ni kubwa na nyingine imeshahamia kwetu. Neno *misa*, linalotajwa makanisani kila Jumapili, ni ndugu yake wa damu. Linatokana na *missa* ya Kilatini, kutoka katika maneno ya kuwaaga waumini mwishoni mwa ibada, na shina lake ni lile lile *mittere*. Misheni ni ndugu mwingine: kazi ya waliotumwa. Fedha anazotuma nyumbani kijana aliyeko Muscat au Toronto, Kiingereza huziita kwa neno la ukoo huo huo. Na katika Kanuni ya Imani kuna maneno yanayosemwa kwa Kiswahili kuwa maondoleo ya dhambi. Kwa Kilatini ni *remissio peccatorum*. Madaktari nao, dalili za saratani zinapopungua au kutoweka, hulitumia neno lenye shina hilo hilo kusema kwamba ugonjwa umelegea.

Mimi jambo hili lilinishika. Karani aliyelegea kazini na dhambi iliyosamehewa vimetoka katika kitenzi kimoja. Mdai akiulegeza mkono, ni rehema. Mlinzi akiulegeza mkono kwenye lango alilokabidhiwa, ni hatia. Mkono umefanya jambo moja mahali pawili.

Hapo hapo utazame na upande wetu. Waingereza wakiunda kundi la kuchunguza jambo huliita *commission*, na ndani ya neno hilo kuna *mittere*, kutuma. Sisi tukiunda kundi hilo huliita tume. Tume, mtume, utume, mtumishi, mtumwa: yote haya yamezaliwa na kutuma. Hakuna aliyemwiga mwenziwe. Watu wa Roma na watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kila mmoja kwao, waliona kwamba mwenye kazi ni mtu aliyetumwa, na kwamba yuko aliyemtuma anayesubiri jibu.

Shakespeare alilitumia neno letu katika *Hamlet*, tamthilia aliyoiandika mnamo mwaka 1600, na alilitumia mahali pa kutisha. Mfalme Claudius, aliyemwua ndugu yake akatwaa kiti, sasa anataka kumwua mpwa wake Hamlet. Anakaa na kijana Laertes wanapanga. Patakuwa na shindano la kucheza panga, ambazo kwa desturi ncha zake hukingwa. Upanga mmoja utakuwa na ncha tupu, na Laertes ataupaka sumu. Claudius hana wasiwasi kwamba njama itagunduliwa. Anasema Hamlet ni *remiss*, hatazichunguza panga. Maana yake hapo siyo mtu mvivu. Ni mtu mwenye moyo mweupe, asiyewadhania watu ubaya, na ambaye kwa sababu hiyo mkono wake hauko tayari. Mwuaji anautegemea wema wa mtu kama mwizi anavyoutegemea mlango usiofungwa. Hamlet anachukua upanga bila kuukagua, na jeraha la upanga ule mwingine linamwua.

Leo neno hili limekuwa la watu waliovaa suti. Halisikiki sokoni London wala kwenye kiwanja cha mpira. Liko katika barua za ofisini, ripoti za kamati, hotuba za kuaga wastaafu. Na lina tabia moja ya sarufi ambayo laiti ningeijua siku ile. Mara nyingi huja baada ya kitenzi cha kuwa, na nyuma yake hufuata jambo lenyewe: fulani amekuwa *remiss* katika kujibu barua, *remiss* katika kukagua mitambo. Ni nadra kulisikia likiambatana moja kwa moja na jina la mtu, kama tunavyosema mtu mrefu au mtu mkali. Lawama yake ina mpaka. Inasema ni kazi gani iliyolegea, inaishia hapo, na nje ya mpaka huo mtu amebaki na heshima yake yote.

Mzembe halina mpaka. Lile m- lililo mwanzoni ni lile la mtu, la mkulima na mvuvi na mwizi. Limeshamweka katika kabila la wazembe, na kabila mtu haliachi jioni akienda nyumbani. Mzee wa stoo alikuwa ameshika funguo zile miaka mingi bila kupotea hata msumari. Bosi wake alimwambia kuna kamba moja umeiachia. Mimi nikamwambia wewe ni mtu wa namna fulani.

Kiingereza chenyewe kina neno zito kwa uzito wa namna hiyo, nalo ni *negligent*. Asili yake ni tofauti na inapendeza kuijua. Ni *nec*, yaani siyo, na *legere*, kuokota, kukusanya, kuchagua, na baadaye kusoma. *Negligent* ni mtu aliyepita, kitu kiko mbele ya miguu yake, hakuinama kukiokota. Kinyume chake ni *diligent*, mtu wa bidii, kutoka *diligere*: kumteua mtu au kitu miongoni mwa vingine, na kwa Warumi kitenzi hicho kilikuja kuwa na maana ya kupenda. Kwa hiyo kazi nzuri, ukiichimba hadi chini kabisa katika lugha ile, inatokana na kukipenda kitu kuliko vingine vilivyokizunguka.

*Negligent* ni neno la mahakamani, na lilipata nguvu yake ya leo kutokana na chupa moja. Tarehe 26 Agosti 1928, mama mmoja wa Scotland, May Donoghue, aliingia na rafiki yake katika mkahawa wa mji wa Paisley, karibu na Glasgow. Rafiki ndiye aliyelipa. Waliletewa aiskrimu na chupa ya kinywaji cha tangawizi, chupa ya kioo cha rangi nzito kisichoonyesha kilichomo. Donoghue alikuwa ameshakunywa sehemu yake rafiki alipommiminia kilichobaki, na kwa maelezo yake, kilichotoka ni mabaki ya konokono aliyeoza. Akaugua. Sasa amdai nani? Kinywaji hakukinunua yeye, hivyo hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa. Akamshtaki aliyekitengeneza, David Stevenson, mtu ambaye hakuwahi kuuziana naye chochote.

Tarehe 26 Mei 1932 majaji wa Bunge la Malodi pale London, watatu dhidi ya wawili, walisema kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji asiyemfahamu. Jaji Atkin aliijenga hoja yake juu ya ujirani. Jirani yangu kisheria, kwa maelezo yake, ni yule ambaye tendo langu linaweza kumgusa kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumweka akilini kabla sijatenda. Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe mahakamani, maana hoja ya sheria iliamuliwa kwanza. Lakini kutokana naye, sheria ya uzembe ilikua na kuenea popote sheria ya Kiingereza ilikopelekwa, Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwamo. Abiria anayeidai kampuni ya basi fidia leo Mwanza au Kisumu anasimama juu ya msingi uliowekwa na mama yule wa Paisley.

Kwa neno hilo, *negligent*, uzembe ni tafsiri sahihi na sina ugomvi nayo. Dereva aliyelipita gari lingine kwenye kona, akijua ana watu sitini nyuma yake, aitwe mzembe. Tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake, neno hilo limepata kiti rasmi, nalo lina haki ya kukaa pale. Ndiyo sababu nasisitiza lisitumiwe kwa kila kosa. *Remiss* si kipimo cha sheria. Ni neno la mtu anayemkumbusha mwenziwe. Shahidi akisema mwenzake alilegea katika jambo fulani, na mfasiri akaandika mzembe, mfasiri huyo ametoa hukumu kabla ya hakimu.

Juu ya hayo yote mawili kuna *derelict*, na hilo ni la kutelekeza. Kwa Kilatini ni kuacha nyuma kabisa, na sheria ya bahari ililitumia kwa chombo kilichoachwa na mabaharia wake bila nia ya kukirudia. Wamarekani ndio waliolipeleka zaidi kwa watu, na sheria yao ya kijeshi, katika kifungu cha 92, ina kosa la askari aliyetelekeza wajibu wake. Angalia ngazi ilivyo: kamba imelegea mkononi, kitu kimepitwa bila kuokotwa, chombo kizima kimeachwa baharini. Mimi nilimkuta mtu kwenye ngazi ya kwanza nikamsukuma hadi ya pili.

Je, Kiswahili kina ngazi hizo? Kinazo, tena nyingi, na ninasikitika tunavyozifukia zote chini ya neno uzembe. Sikiliza taarifa za habari uone: ajali ni uzembe, mtihani uliovuja ni uzembe, mgonjwa aliyechelewa kuhudumiwa ni uzembe, bomba lililopasuka ni uzembe. Wenzetu wa Kenya wamelihifadhi utepetevu, na wanahabari wao hulitumia vizuri sana. Linatokana na kutepetea, kuwa tepetepe kama mboga iliyokatwa ikaachwa juani. Kuna legelege, na Mwalimu Nyerere alipotaka kuonya kuhusu chama kisichoisimamia serikali yake, alikiita chama legelege. Kuna kupuuza, ambako kuna kusudi ndani yake: umeona, umejua, ukaamua si kitu. Hilo ni kosa kubwa kuliko kulegea, ingawa mara nyingine madhara yake huwa madogo.

Kisha kuna maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Taksiri ni upungufu wa mtu katika linalompasa, na shina lake ni la ufupi: umenyoosha mkono haukufika. Wazee wa pwani walilitumia kwa unyenyekevu, wakiomba radhi kwa taksiri zao. Kughafilika kuna habari yake. Shina lake kwa Kiarabu ni la kutokuwa macho, na kutoka shina hilo hilo tumepata ghafla. Kwamba jambo limetokea ghafla ni kusema, kwa asili ya neno, kwamba limetukuta tumeghafilika. Jambo lenyewe huenda lilikuwa njiani siku nyingi.

Na kuna kupitiwa. Nimepitiwa, ndugu yangu, unisamehe. Ni neno la kila siku, la upole, na uzito wake unakaribiana na wa *remiss*. Nililipenda kwa muda nikidhani nimepata tafsiri. Lakini lisikilize vizuri: mimi nimetendwa. Usingizi umenipitia, shetani amenipitia, mimi nilikuwa nimekaa tu. *Remiss* halina mlango huo wa kutokea. Anayesema nimekuwa *remiss* anakiri kwamba kamba ilikuwa mkononi mwake yeye, na mkono ni wake. Ni neno jepesi ambalo halimpunguzii mtu dhima. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina kulegea, chenye picha ile ile ya upote na demani: nimelegea katika jambo hili. Umelegea katika daftari hili.

Kuna mahali pamoja ambapo neno *remiss* husikika kuliko kwingine kokote, nako ni kwenye hotuba. Msemaji ameshamaliza kumshukuru mgeni rasmi na wenyeji, kisha anatua, anasema kwa Kiingereza kwamba atakuwa *remiss* asipomtaja fulani. Huenda wewe msikilizaji umeshakaa kwenye mkutano ukalisikia, ukajiuliza atakuwa nani huyo. Ukitafsiri neno kwa neno utasema nitakuwa nimelegea nisipomshukuru, na watu watakutazama. Katika hotuba za Kiswahili, na katika kurasa za shukrani za tasnifu za vyuo vikuu vyetu, mahali hapo pana msemo wake: nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru fulani. Wengine husema mchoyo wa fadhila.

Nimelitafakari hilo sana. Mwingereza anayesahau kushukuru anaona amelegeza wajibu. Mswahili anaona amechukua kitu cha mtu. Alitendewa wema, na wema ule bado ni mali ya aliyeutoa mpaka utajwe mbele ya watu. Akitoka ukumbini bila kuutaja, ametoka nao mfukoni. Hapa lugha yetu imekuwa kali kuliko Kiingereza, nami naona ina haki ya kuwa kali. Kule kwenye daftari, ambako nilitumia ukali, Kiingereza kilikuwa kimechagua upole.

Nilimrudia yule mzee. Ilinichukua miaka mingi kuliko inavyostahili, na alikuwa ameshastaafu, anakaa kwa mwanawe wa kiume nje kidogo ya mji ule. Nilikwenda na karatasi niliyoiandika kwa mkono, sentensi moja: Umelegea katika kuandika daftari la stoo. Nikamwambia hii ndiyo iliyoandikwa na bosi siku ile, na ile nyingine ilikuwa yangu, kwa kutojua kwangu, na nimekuja kuomba radhi. Akachukua miwani, akaisoma polepole, akairudia.

"Hii ningeijibu," akasema. "Ile uliyoniletea haikuwa na jibu. Mtu akishakuita mzembe utamjibu nini?"

Nikamwuliza angejibu nini. Akamwita mjukuu alete kiti kingine, akaniambia nikae, akaanza kunieleza habari za zile siku ambazo daftari halikuandikwa: mkewe alikuwa amelazwa, naye alikuwa akiondoka stoo saa tisa kuwahi saa ya kuona wagonjwa, akisema ataandika kesho.